Wauza vipuri, wekeni batri na ampuli juu ya meza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba magari ya zamani ya Lubumbashi yanakufa kwa kukosa vipuri. Nimeyaona yakifa mengi, na sikubaliani naye. Yaliyokufa kwa njaa ya vipuri ni machache. Mengi yaliuawa na watu waliong'oa kipuri kizima wakakitupa, wakafunga kibovu kipya, halafu wakakaa wanashangaa.

Mimi ni mstaafu. Miaka 31 nilikuwa bobineri, yaani fundi wa kusuka upya koili za mota: mota za pampu za kutoa maji mgodini, za mikanda ya kubeba mawe, za feni kubwa za kupeleka hewa chini. Mtu analeta mota kwenye mkokoteni na kusema, "Hii imeungua." Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutomsadiki. Kila wiki tulirudisha mota ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote, ila waya uliolegea kwenye kisanduku chake. Leo nakaa Kamalondo, moja ya komini (sehemu za utawala) za mji huu, na chini ya mwembe uani kwangu ipo Peugeot 404 ya 1966 aliyoniachia baba mkwe.

Kwa vijana wasioijua: 404 ni ile yenye mapezi nyuma, sura yake ilichorwa na Pininfarina wa Italia, nayo ilianza kutoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960. Ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Baba mkwe alikuwa haachi kututajia miaka hiyo, kana kwamba alikuwa usukani yeye mwenyewe. Akikwama kwenye tope njia ya Kipushi alisema, "Gari hii imevuka tope ya Uganda, itashindwa na hii?" Tulishuka tukasukuma.

Sasa nieleze jinsi nilivyopoteza dinamo ya gari hiyo, yaani kile chombo kinachozungushwa na injini ili kuchaji batri.

Mwaka juzi nilikwenda Likasi kwenye kilio, nikakaa siku tisa. Gari nilimwachia fundi kijana, hodari kwa rangi na bati, anyooshe milango. Niliporudi nilimkuta amefurahi. "Papa, nilikusaidia. Dinamo ilisha kufa, nikakutilia alternata ya Toyota." Alternata ni mrithi wa dinamo kwenye magari ya baadaye. Nikamuuliza amejuaje kwamba ilikufa. Akasema usiku aliwasha taa, injini ikiwa inanguruma polepole, taa zikafifia. Alipokanyaga mafuta zikang'aa. Akaamua ni mgonjwa.

Bwana Mhariri, huo si ugonjwa. Ndivyo dinamo zilivyo. Dinamo haitoi umeme wa maana injini ikizunguka polepole. Regilateri, kile kisanduku kinachosimamia chaji, inaikata, na batri inabaki peke yake kubeba taa. Ukikanyaga mafuta, dinamo inapata mwendo, regilateri inaiunganisha tena, taa zinarudi. Baba zetu waliendesha hivyo miaka yote, na usiku wakisimama kwenye njia ya reli kungoja treni walikanyaga mafuta kidogo bila hata kufikiri. Alternata ilipoenea ilituondolea tabia hiyo, na kijana wa leo aliyezaliwa kwenye alternata akikutana na dinamo anaiona maiti.

Nikamuuliza dinamo iko wapi. Aliiuza kwa wanunuzi wa mitrai, yaani vyuma chakavu, kwa kilo. Alipata pesa ya chupa mbili za bia ya Simba, na moja alikuwa ameniwekea kwenye friji, kwa heshima. Katika mji huu wa shaba hakuna chuma kinacholala usiku mmoja barabarani. Nilipofika kwa mwenye mizani, ganda lilikuwa limepasuliwa kwa nyundo na koili zimechomwa moto ili plastiki na varnishi zitoke. Nilizitambua: bado zilikuwa na alama za mafundo ya uzi wa pamba, jinsi walivyofunga zamani. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa kutambua ndugu hospitalini.

Na ile alternata? Puli yake haikulingana na ile ya injini, mkanda ukapiga mluzi mpaka majirani wakajua saa ninayotoka. Waya wa zamani ulikuwa mwembamba kwa mkondo mpya, ukapata joto. Baada ya wiki tatu niliitoa.

Ilinichukua miezi minne kupata dinamo nyingine. Nilimpata mzee mmoja Katuba mwenye tatu ndani ya ngoma (pipa) la mafuta, zote zimejaa vumbi jekundu. Hakujua ipi nzima. Nikamwomba ruhusa ya kupima. Akacheka: "Baba, tangu nianze kuuza hakuna aliyeniomba hivyo. Wanashika, wanatikisa, wanalipa."

Kupima kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kubishana bei. Nilikwenda na batri ya volti 12 na waya mbili zenye vishikio. Dinamo ya aina hii ina miguu miwili iliyoandikwa DYN na EXC. Unaiunganisha hiyo miwili kwa kipande cha waya, unapeleka chanya ya batri hapo, hasi kwenye ganda. Ikiwa nzima itazunguka yenyewe polepole, kwa utulivu, kama feni ya dari, kwa sababu dinamo na mota ni ndugu wa tumbo moja: ukiizungusha inakupa umeme, ukiipa umeme inazunguka. Ya kwanza haikusema kitu. Ya pili ilitikisika ikasimama. Nilipoisukuma kwa kidole ikaendelea, kisha ikasimama palepale, dalili kwamba kwenye rota, ile sehemu inayozunguka, kuna koili moja iliyokatika, au kolekta, ile pete ya vipande vya shaba inayoguswa na makaa, imechafuka. Ya tatu ilizunguka. Nikailipa hiyo. Halafu nikalipa na ya kwanza kwa bei ya mitrai, na mzee akaniona mwehu.

Ya kwanza ilikuwa na kosa gani? Makaa yake yalikuwa yameisha, basi. Yale makaa mawili yanayogusa kolekta yalibaki urefu wa punje ya mahindi, na springi haikuyafikia tena. Nyumbani niliiweka rota kwenye sumaku yangu inayonguruma, chombo cha zamani cha kazini kinacholishwa na umeme wa nyumba: unaizungusha rota juu yake huku umeshika kipande cha msumeno wa chuma, na pale palipo na koili zilizoshikana msumeno unatetemeka kama nyuki. Haukutetemeka popote. Nikasafisha kolekta kwa karatasi ya msasa ya kioo. Msasa mweusi wa kusugulia chuma usiutumie hapo, chembe zake zinapitisha umeme na zinabaki kwenye mianya. Nikachimba mika, ile isiyopitisha umeme, katikati ya vipande vya shaba kwa msumeno uliovunjika, nusu milimeta tu, nikatia makaa mapya niliyoyachonga kutoka makaa makubwa ya mota nyingine. Sasa ninazo dinamo mbili nzima. Ile ya pili bado iko ndani ya ngoma, na moyo wangu bado uko huko.

Lakini jambo lililonisukuma hasa kuandika ni taa ya mbele ya kulia.

Mwipwa wangu anasoma umeme chuoni. Ni mtoto mwenye akili, na ana multimeta ya namba, nzuri, ya manjano. Taa ya kulia haikuwaka. Akabadilisha ampuli (balbu), mara mbili. Haikuwaka. Akabadilisha relé, ile swichi inayoendeshwa na umeme. Haikuwaka. Akapima kwenye plagi ya taa, akaniita: "Papa, kuraa iko. Ona mwenyewe, kumi na mbili na nukta nne." Sisi huku umeme tunauita kuraa, wasomaji wa mbali wasidhani tulikuwa tunapiga kura. Kweli namba ilikuwa 12.4. Mwipwa akahitimisha kwamba duka limemuuzia ampuli mbovu mara mbili, akataka kurudi kugombana.

Nikachukua kitu changu: ampuli ya breki ya wati 21 iliyolehemiwa kwa risasi kwenye waya mbili, moja ina sindano na nyingine kishikio. Nimeitumia tangu 1988, kioo chake kimebadilishwa mara nyingi, waya ni zile zile. Nikaigusa palepale alipopima. Ampuli ikawa nyekundu kidogo, kama ncha ya sigara gizani. Nikamwambia arudishe multimeta yake bila mimi kuitoa ampuli. Namba ikaanguka mpaka 3.1. Mtoto akanyamaza.

Multimeta ya namba haili kitu. Ndani yake kuna ukinzani wa omu milioni 10, kwa hiyo kwenye volti 12 inavuta mkondo wa karibu ampea moja iliyogawanywa kwa milioni. Waya uliooza mpaka ukabaki unywele mmoja unaweza kupitisha kiasi hicho bila hata kujua. Taa ya mbele ya wati 45 inataka ampea karibu 4. Hapo ndipo unywele unaposema hapana. Nilimwambia mwipwa afikirie lile daraja la miti kwenye njia ya mashambani: asubuhi linavusha baiskeli tano za magunia ya makala, yaani mkaa, kila mtu analisifu, halafu linakuja lori la Kamaz.

Tukaufuata waya kwa sindano, kituo kwa kituo, ampuli ikiwa inawaka. Nyuma ya ukuta wa injini tukakuta kiungio kilichofungwa kwa plasta ya dawa, ile ya vidonda, sijui na nani na mwaka gani. Ndani shaba imekuwa ya kijani kabisa. Sisi watu wa Katanga shaba ya kijani tunaipenda ikiwa malakiti, lile jiwe la kijani, tunaichonga vinyago na mikufu ya kuuzia wageni. Kwenye waya wa gari ni ndugu yake huyo huyo, na hapitishi umeme. Nikakata, nikachuna mpaka kwenye shaba nyekundu, nikaunga upya. Taa ikawaka na ampuli zote tatu, ya zamani na zile mbili mpya. Fedha ya relé ilikuwa imeshakwenda, na dukani kulikuwa na kibao: VIPURI VYA UMEME HAVIRUDISHWI.

Nitarudi kwenye kibao hicho.

Kwanza demareri, ile ya kuamshia injini ambayo wenzetu wa Dar es Salaam wanaiita stata. Mwezi wa sita mji wetu unakuwa baridi, asiyeamini aamke saa kumi na moja alfajiri. Tuko juu, mita kama 1,200, na upepo wa kiangazi hauna huruma. Oili inakuwa nzito, batri inakuwa mvivu, na kila udhaifu uliokuwa umejificha wakati wa mvua unatoka. Asubuhi hizo 404 ilikuwa inasema "ngu… ngu…" na kukata tamaa. Jirani yangu, mwenye Peugeot 504 yenye dalili ile ile, alikuwa ameshanunua demareri mbili zilizotumika, dola 45 moja na dola 60 nyingine, na gari bado inasukumwa na watoto wa shule.

Tulianza na batri yake. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, 12.6. Hiyo ni batri iliyojaa, ingekuwa 12.2 ningesema imebaki nusu, na chini ya 12 ningesema tusipoteze muda, kwanza ichajiwe. Nikachomoa waya mdogo wa bobini, ile koili ya kutoa moto wa injini, ili injini izunguke bila kuwaka, nikamwambia azungushe ufunguo huku naangalia nguzo za batri: 10.9. Batri haina kosa. Ningeona chini ya 9.6 ningeilaumu batri yenyewe.

Halafu kipimo ambacho mafundi wengi wa barabarani hawakifanyi, wala sijui kwa nini, kwani ni cha bure. Waya mmoja wa multimeta kwenye nguzo hasi ya batri, mwingine kwenye ganda la demareri. Gari ikiwa imelala, sifuri. Zungusha ufunguo: 2.3. Volti mbili na zaidi zinapotea njiani, upande wa masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batri kupitia chuma cha gari, kabla demareri haijaonja kitu. Upande wa chanya zilipotea 0.3 tu, na hiyo inavumilika. Kwa hiyo demareri ilikuwa inapewa volti 8 na kidogo, na tunaituhumu uvivu.

Mtu wa multimeta ataniambia alipima masi kwa omu akakuta sifuri. Ni kweli, atakuta sifuri. Demareri inavuta ampea 150 na kuzidi. Ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ukiupitishia ampea 150, unakula volti moja na nusu. Multimeta ya dola 10 haiwezi kuona sehemu ya mia ya omu, waya zake zenyewe zina zaidi ya hapo. Kosa kama hilo linaonekana mzigo ukiwa kichwani, kwa kuangalia volti zinapopotelea.

Ule msuko wa masi kati ya injini na chasi ulikuwa umepakwa rangi. Fundi wa rangi alipenda unadhifu. Tulikwangua, tukaufunga kwenye chuma tupu, tukapaka grisi juu yake. Zile 2.3 zikawa 0.2, na 504 ikaamka kabla jirani hajamaliza kuzungusha ufunguo. Demareri yake ya kwanza, ile ya kiwandani, ilikuwa imeshauzwa mitrai. Zilizobaki mbili ni nzima zote. Moja anaitumia kuzuia mlango wa kuku.

Kuhusu moto wa bujii, yaani plagi za injini, sitasema mengi, kila garaji ina mtaalamu wake. Ila kondansateri, kile kikopo kidogo kinachokaa na platine (ncha za kukata umeme) kwenye delko, kile kigawa moto: nimenunua vipya vinne kwenye boksi zinazong'aa, vitatu vilikuwa vibovu siku ile ile. Cha 1966 bado kinafanya kazi. Nakipima kwa mita yangu ya mshale: ukigusa, mshale unaruka kisha unarudi taratibu mpaka mwisho na kukaa. Usiporudi, kinavuja. Usiporuka kabisa, ndani hakuna kitu. Na bobini ya volti 12 isiyo na ukinzani wa nje, upande wa waya nene nategemea omu 3 hadi 4, upande wa kutoa moto omu elfu 6 hadi elfu 12 hivi. Lakini bobini mbovu nyingi zinapima vizuri zikiwa baridi. Ile ya rafiki yangu ilikuwa inazima gari kila akifika nusu ya njia ya Kasumbalesa na kuwaka tena baada ya robo saa. Nyumbani ilikuwa malaika. Tuliipima gari ikiwa imesimama kando ya barabara, bobini haishikiki kwa moto, na hapo upande wa pili ulikuwa umekatika kabisa. Vuta subira, ipime ikiwa na homa.

Niseme pia juu ya feni, kwa sababu inanikera. Peugeot za wakati ule zina feni inayoshikwa na sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni imeachiwa, maji yakipata moto swichi ya joto inaipa sumaku umeme, feni inashikwa na puli na kuzunguka nayo. Ni ujanja mzuri, unaokoa mafuta na kelele. Kwenye 404 karibu zote za mji huu nimekuta feni imekazwa kwa skrubu zake izunguke daima, "kwa sababu umeme wake ulikufa". Yangu pia. Nilipeleka waya wa volti 12 kwenye kaa lake, nikasikia "tak!", sumaku ikashika. Haijafa. Kilichokufa ni waya mmoja wenye urefu wa mkono wangu. Watu walikaza skrubu tatu wasibadilishe waya mmoja.

Sasa kibao.

Ninaelewa kwa nini wauza vipuri hawarudishi vya umeme. Mteja ananunua relé, anaifunga kwenye gari lenye shoti, inaungua, analeta moshi dukani na kudai fedha. Nimesikia hoja hiyo kwa wauzaji wa upande wa Kenya (komini yetu, siyo nchi) na ni ya kweli. Lakini basi nipime kabla ya kulipa, mbele ya macho yako, kwa chombo chako. Nilimwomba muuzaji mmoja hivyo mwezi uliopita, nilitaka mota ya waipa. Akaniambia, "Muzee, ukipima utaichosha." Mota ya waipa, ya kupangusa mvua ya Lubumbashi tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, itachoka kwa sekunde tano juu ya meza!

Ninachoomba si mashine. Batri moja ya volti 12 iliyochajiwa, juu ya meza au chini yake. Waya mbili zenye vishikio. Na kwenye waya mmoja, katikati, ampuli ya mbele ya gari, wati 55. Hiyo ampuli ndiyo mlinzi. Kipuri chenye shoti kikiunganishwa, ampuli itawaka kwa nguvu zake zote, na ndio mwisho wa habari: hakuna waya ulioungua, hakuna batri iliyopasuka, hakuna ugomvi. Kipuri kizima kinachotaka mkondo mdogo, kama relé, kitafanya kazi huku ampuli haionyeshi kitu. Honi italia kwa sauti ya mafua, mota ya waipa itazunguka kichovu, ampuli itawaka nusu, na hapo unaweza kuiondoa ampuli njiani na kupima kwa nguvu kamili, kwa kuwa umeshajua hakuna shoti. Demareri peke yake inataka waya nene na mtu wa kuikanyaga vizuri, maana inaruka kama mbuzi. Hiyo ikapimwe sakafuni.

Muuzaji naye atafaidika. Atajua kati ya vile vilivyotoka kwenye kontena vipi ni vya kuuza na vipi ni vya mitrai, badala ya kuvijua kwa matusi ya wateja. Na mteja akishaona kimezunguka, kibao kiendelee kuning'inia hapo hapo, sitakipinga.

Kuna na jambo la kumuuliza mteja kabla ya kumuuzia: gari yako masi yake ni hasi au chanya, na ni ya volti ngapi? Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina masi chanya. Jirani wa shemeji yangu aliuziwa redio bila kuulizwa, akaifunga kama kila mtu anavyofunga, ikatoa moshi kabla ya kutoa wimbo. Na Volkswagen za kabla ya mwaka huo huo nyingi ni za volti 6. Mpe ampuli ya 12 atarudi kukuambia gari yake inaona kiza.

Kwa anayetaka kujaribu haya nyumbani: vua pete na saa ya chuma. Mwenzangu kazini alifunga njia ya chanya na masi kwa pete yake ya ndoa, na alama anayo mpaka leo. Na usipime cheche karibu na kabureta inayovuja, hata kama una haraka.

Nimalize kwa shida yangu mwenyewe, kwa kuwa gazeti lako linasomwa mpaka Kolwezi. Regilateri ya 404 yangu ni nzima, lakini haina kifuniko. Yule kijana alikitupa pamoja na dinamo, na sasa nimeifunika kwa kopo la sardini. Kama kuna msomaji mwenye regilateri ya zamani yenye miguu DYN, EXC na BAT, hata iliyokufa, aache ujumbe kwenye ofisi yako. Nitakuja na batri yangu na ampuli. Ikiwa kweli imekufa, nitanunua kifuniko tu.

Bobineri mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi